Palizi ya Timu Tisa

Siku ya ishirini na tano, Docus alikuwa na watu kumi na saba walio hai. Aliwahesabu mara mbili kwenye kompyuta ya pembeni, dukani kwa Kiiza mjini Bwera, kidole chake kikishuka polepole juu ya kioo kama mtu anayepapasa shanga. Watatu walikwisha kufa. Wa kwanza alikufa siku ya tano tu, baada ya kufungwa mabao manane. Wa pili aliuza simu yake. Wa tatu, kijana wa Karambi, aliandika, "Huu mchezo unanidharau," na hakuonekana tena.

"Wangapi leo, kocha?" Kiiza aliuliza kutoka mezani kwake, akiwa anatafuna karanga.

"Kumi na saba."

"Na wanataka wangapi?"

"Kumi na watano. Jumapili."

"Basi umeshinda. Nenda kanunue soda, unone kidogo. Mtu gani anafundisha mpira na mkono wake kama ufito?"

Docus alitabasamu akiwa ameangalia kibodi. Alikuwa binti wa kuongea na kibodi. Chuoni, alipotakiwa kusimama mbele ya wenzake, sauti ilimkauka hadi mwalimu akamwambia aketi tu. Lakini akiandika, maneno yalimtoka moja baada ya jingine, ya upole, na watu wasiomjua walimjibu kama dada yao.

Ndiyo maana kampuni ilimchukua. Mchezo wenyewe uliitwa Benchi. Unapewa timu ya mpira isiyokuwapo duniani, yenye wachezaji wasiokuwapo duniani. Unanunua, unauza, unapanga kumi na mmoja wako, na kila siku saa kumi na mbili jioni timu zinakutana mtandaoni nawe unasoma matokeo. Hupigi mpira hata mara moja. Kazi yako ni kupanga na kuhangaika. Wenye kampuni waliona kwamba watu wa Afrika Mashariki wakiingia hawakai. Wanakung'utwa na wakongwe siku tatu nne, wanaondoka. Wakatafuta vijana wanaojua Kiswahili wawashike mkono wageni. Docus alikabidhiwa wageni ishirini kwa siku thelathini. Mgeni akipitisha siku tatu bila kufungua timu yake, anafutwa katika hesabu. Siku ya thelathini wakibaki kumi na watano, Docus analipwa laki tisa, na kazi inaendelea. Wakibaki kumi na wanne, halipwi kitu.

Kampuni ilimpa jumbe kumi na moja za kuwatumia, zilizoandikwa tayari. Docus aliutuma ule wa kwanza, akaona haya, nyingine akaziacha. Badala yake alimwuliza kila mmoja kwa nini timu yake ameiita vile alivyoiita. Aliwakutanisha wageni kwa wageni katika mechi za kirafiki, ili angalau mmoja alale ameshinda. Mtu akitumia fedha yake yote ya mchezo kumnunua mshambuliaji mzee, Docus hakumwambia amekosea; alimwandikia, "Huyu atatufaa dakika ishirini za mwisho. Kesho tumtafutie kijana wa kumsaidia." Na kila siku saa kumi alipita kwa wote kumi na saba, mmoja mmoja, kama mtu anayechungulia milango ya majirani: kipa wako ana kadi, beki wako ameumia, usisahau.

Simu yake ilitikisika juu ya meza. Alikuwa mama yake, Resty, akipiga kutoka hospitali Kasese alikokuwa akimwuguza baba.

"Docus, daktari wa mifupa anakuja Jumanne ijayo."

"Wiki ijayo?"

"Ndiyo. Anafika asubuhi, jioni anarudi. Sista wa wodi amesema mwenye chuma mkononi atapasuliwa. Asiyekuwa nacho, mpaka mwezi ujao."

"Na mwezi ujao…"

"Mwezi ujao mfupa utakuwa umeshika hivyo hivyo ulivyopinda, mwanangu. Itabidi kuvunja tena. Sista amenionyesha kwa kijiti." Resty alishusha sauti. "Wanatuita 'wale wa chuma bado'. Hata mwenye kusukuma chakula. 'Wale wa chuma bado, leteni sahani.'"

"Nitapata, Mama. Jumatatu wanalipa."

"Una hakika?"

Docus aliangalia safu ya majina kumi na saba.

"Nina hakika."

*

Baba yake, Asanasio, aliteleza na gunia la kahawa kwenye njia ya kilimani kwao Kyondo, wiki tatu zilizopita, akavunjika paja. Upasuaji hospitalini haukuwa na gharama, ila chuma cha kuunganishia mfupa na skrubu zake mgonjwa alijinunulia mwenyewe: laki nane na nusu katika duka la vifaa lililo karibu na lango. Kahawa ya msimu ule ilikwisha kuuzwa ingali maua, ili Docus amalize chuo. Mbuzi wawili waliliwa na nauli na dawa. Na kwa mtu wa Kyondo, ambako hata choo kipo mlimani, mguu uliopinda ni sawa na kuambiwa shamba lako limehamia ng'ambo.

Jumatano, siku ya ishirini na sita, watu wa Docus walianza kuondoka. Kesho yake nchi nzima ilikuwa inapiga kura, na kila mtu alitakiwa mahali alipojiandikisha.

Wa kwanza kuja dukani alikuwa Afande Mugenyi, askari mnene kutoka Masindi aliyeishi na familia yake kambini. Aliingia akiwa amevaa magwanda, mlango ukajaa.

"Wewe, kijana!"

Docus alisimama bila kupenda.

"Mimi natumwa Maliba leo. Siku nne. Hakuna charge, hakuna network, hakuna kitu. Sasa timu yangu inafanya nini?"

"Afande, labda ukipata hata dakika mbili…"

"Hakuna dakika! Mimi nalinda debe la kura, mimi naangalia simu? Wanifukuze?" Alitoa kipande cha karatasi mfukoni, akakiweka juu ya kibodi. "Hiyo ni neno la siri. Ni jina ya mbwa yangu. Utakamata timu mpaka nirudi. Usipunguze washambuliaji. Mimi nacheza na watano mbele, elewa?"

"Lakini watano mbele, afande, nyuma kunabaki…"

"Watano! Hiyo ni order." Akageuka, kisha akageuka tena, uso umelainika. "Usiwaache peke yao, musichana yangu. Wamenizoea."

Mchana akaja Desire, mwanamke wa Kongo aliyeuza vitenge Mpondwe, mpakani. Alikuwa amejifunga mzigo kiunoni, na jasho lilimtiririka.

"Docus, mie naenda Kasindi, kule kwetu. Hapa bafunga mupaka, bafungua mupaka, mie siwezi kulala katikati kama mbuzi. Nitabakia kule mpaka kura yenu iishe. Sasa ekipe yangu, hii timu, nani atailisha?"

"Simu yako haishiki huko, mama?"

"Inashika ya Kongo tu, na ile haina internet, iko ya tochi." Alimwandikia neno la siri nyuma ya mkono wa Docus kwa kalamu ya wino, akipuliza likauke. "Lakini usiuzishe mutoto hata moja. Hata ule wa mguu mubaya. Bale bote beko bangu."

Jioni walikuwa wamefika tisa. Wengine walituma kwa ujumbe, bila hata kuulizwa, kama mtu anavyomtupia jirani ufunguo na kumwambia kuku wapo nyuma ya nyumba. Docus aliandika maneno yote tisa katika daftari.

"Si mlikatazwa hiyo?" Kiiza alimwuliza. "Niliona kwenye zile karatasi zako ulizochapisha hapa. Timu ya mtu aichezeshe mwenyewe."

"Wamekataza wizi," alisema Docus. "Mtu kuingia kwa mwenzake amharibie. Mimi siingii kuharibu. Na labda sitaingia kabisa. Wataniandikia wakipata nafasi."

*

Alhamisi asubuhi mitandao ya kijamii ilifungwa. Docus aliandika salamu kwa watu wake wote. Ujumbe ukabaki na alama moja ya kijivu. Akajaribu tena. Barabarani watu walikuwa wamesimama wameinua simu, wakiulizana kama na kwako haipiti. Hata fedha za simu zilikwama. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya kibanda cha wakala akirudia, "Lakini zimo, naziona zimo."

Mchezo wenyewe, hata hivyo, ulifunguka. Kwenye kompyuta ya Kiiza, Benchi lilikuwa kijani kama siku zote, halijui kwamba kuna kura.

Saa tisa Docus aliangalia orodha. Wanane walikuwa mjini, nao walikuwa wamekwisha kufungua timu zao asubuhi. Ile kazi ya siku ishirini na tano ilikuwa imewaingia damuni. Tisa walikuwa wamelala. Kipa wa Afande alikuwa na kadi nyekundu. Mabeki wawili wa Desire walikuwa majeruhi, na asipowatoa angecheza na watu tisa. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi: siku tatu. Wote tisa wangekufa Jumamosi usiku. Wangebaki wanane.

Lakini, kusema kweli, si hesabu iliyomwinua mkono. Kilimani kwao mtu akiugua au akisafiri, majirani hawangoji kuombwa. Wanapanda na majembe alfajiri, wanapalilia kahawa yake, wanaacha rundo la magugu kando ya njia ili mwenyewe akirudi aone, basi. Hakuna anayesema ni mimi. Aibu ni mwenye shamba kurudi akute magugu yamefika kiunoni na watu wapo. Tangu Asanasio aanguke, kahawa yake ilikwisha kupaliliwa mara mbili, na hadi siku ile Resty hakujua ni nani na nani.

Docus aliandika jina la mbwa wa Afande. Lango likafunguka.

Alipalilia timu zote tisa siku zote nne, kati ya saa tisa na saa kumi, moja baada ya nyingine, kwenye mashine ile ile ya pembeni yenye herufi A iliyolegea. Na alipalilia kama anavyopalilia mtu mwenye adabu, bila kuhamisha mipaka. Alijua Afande angekuwa salama akicheza na washambuliaji watatu. Alimwachia watano wake, akambadilishia kipa tu. Timu moja kubwa ya ng'ambo ilitaka kumnunua yule kijana wa Desire mwenye mguu mbaya kwa bei ya ajabu. Docus aliisoma ile bei mara tatu, akafikiria mashimo yote ambayo fedha ile ingeziba, akaikataa, kwa sababu wale wote walikuwa wa Desire.

Na timu zilishinda. Afande, na wazimu wake wa watu watano mbele, alishinda mara tatu.

Jumapili saa sita usiku siku ya thelathini ilipinduka. Kumi na saba walikuwa hai.

*

Jumatatu asubuhi na mapema alikuwa Kasese. Wodi ya mifupa ilinuka dawa na viazi. Asanasio alilala chali, mguu umeinuliwa, na kutoka kwenye kisigino kamba ilipita juu ya gurudumu dogo ikaning'iniza mfuko wa turubai uliojaa mawe, ukivuta mfupa usizidi kupishana. Resty alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda, akikunja shuka.

"Wabukire, Baba," Docus alimwamkia.

"Eee. Mwalimu wa mpira," alisema Asanasio. Alikuwa amekonda, lakini macho yalicheka. "Wageni wako wamelala salama?"

"Kumi na saba, Baba."

Resty aliinuka polepole, akishika ukingo wa kitanda. "Kumi na saba wanatosha?"

"Wanazidi."

Sista alipopita na faili, Resty, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akijikunja kila sista anapopita, alisema kwa sauti ya kusikika vitanda sita, "Sista, wetu ni wa kesho. Chuma kinakuja leo jioni."

"Nimwandike kwa daktari?"

"Mwandike."

Sista akaandika. Mke wa mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye chuma chao kilikuwa tayari chini ya mto, kimefungwa katika gazeti, alimpigia Resty makofi madogo. Docus alitazama kalamu ikiandika jina la baba yake.

Saa nne simu ililia. Namba ya Kampala. Docus alitoka hadi barazani, akasimama karibu na ndoo za kunawia mikono.

"Dada Docus, habari za huko. Ni Ahimbisibwe." Alikuwa msimamizi wake, mtu ambaye hadi siku ile walikuwa wameandikiana tu. Sauti yake ilikuwa changa kuliko barua zake. "Hongera sana. Kumi na saba! Unajua mwenzako anayekufuata ana wangapi? Tisa. Wakubwa wanauliza huyu msichana anawapa nini watu."

"Asante," Docus alinong'ona.

"Kuna kitu kidogo tu. Timu tisa zimefunguliwa kwenye mashine moja. Siku nne mfululizo, zinafuatana, dakika sita sita. Kompyuta imelalamika yenyewe, si mtu."

Docus alifungua mdomo. Sauti ilikuwa imekwenda kule ilikokwenda siku zote.

"Hiyo ni duka la intaneti, siyo?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Na mitandao ilikuwa imefungwa, hata huku tuliteseka. Kwa hiyo watu walikuja dukani, wakapanga foleni, wakatumia ile mashine moja baada ya mwingine. Ndivyo ilivyokuwa, au siyo?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayefungua mlango na kusimama kando ili mgeni apite. Docus aliona kupitia dirisha mguu wa baba yake, na mfuko wa mawe. Angeweza kueleza. Lakini kueleza kulihitaji maneno mengi ya mdomo, na lile lililotakiwa lilikuwa moja tu.

"Ndiyo," alisema.

Lilitoka kwa urahisi. Hilo ndilo lililomtisha.

"Safi kabisa. Basi napigia wachezaji wawili watatu wathibitishe, ni utaratibu tu, halafu nasaini malipo yaende mchana huu. Ubaki salama, dada."

Simu ilikatika. Docus akabaki ameishika kama kitu cha moto. Wachezaji wawili watatu. Ilimbidi awapigie kwanza. Ilimbidi amwambie Afande Mugenyi, askari, mtu mzima mwenye watoto wanne: afande, ukiulizwa, useme uongo kwa ajili yangu. Alitafuta maneno. Aliyapanga, akayapangua, kana kwamba ni kikosi. Dakika tatu zilipita, labda nne. Hatimaye alifumba macho akabonyeza.

Namba ilikuwa inatumika.

Akapiga tena. Inatumika. Akapiga ya Desire. Ya Uganda ilikuwa imezimwa, ya Kongo ikaita ikaita. Akarudi kwa Afande. Inatumika.

Mara simu yenyewe ikalia mkononi. Afande Mugenyi.

"Musichana yangu!" Sauti ilimpasua sikio. "Nimerudi! Nimefungua simu, naona nimeshinda mara tatu! Watano mbele, nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia, afande. Afande, kuna mtu atakupigia…"

"Amepiga! Mukubwa wako wa Kampala. Nimekusifu mpaka amechoka. Nimemwambia, mimi nilikuwa Maliba siku nne, sikugusa simu hata kidogo, sikukanyaga Bwera, na huyu mutoto alichunga timu yangu kama yake. Hakuuza mtu, hakuiba kitu. Nimemwambia, huyo apewe cheo! Hata huyo mama ya Kongo mwenye vitenge, niko naye hapa Mpondwe saa hii, nimempa simu, naye amesema hivyo hivyo. Amesema weye uko malaika."

Nyuma yake sauti ya Desire ilipiga kelele kwa furaha: "Docus! Ekipe yangu iko munene! Imenenepa!"

Mgonjwa mmoja alipita na magongo, akamwomba njia. Docus alisogea.

"Uko hapo?"

"Niko, afande."

"Mbona hufurahi?"

"Ninafurahi," alisema Docus. "Asante, afande."

*

Ahimbisibwe alipiga saa saba. Hakutoa hongera.

"Nimeongea nao. Wanakupenda, lazima nikuambie. Sijawahi kusikia watu wanamsifu mtu hivyo. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Ungeniambia walikuachia wenyewe, ningewaandikia wakubwa: mitandao ilifungwa, binti alisaidia, wamkate nusu. Ningepigana. Sasa nimekwisha kuandika kwamba walikuja dukani wenyewe. Jina langu liko chini. Unaona uliponiweka?"

"Nisamehe."

"Timu tisa zinafungwa leo. Zako zilizobaki ni nane. Nane hazilipwi." Sauti changa ilijikaza. "Na mkataba umekwisha. Pole, dada."

Docus alitaka kusema kuhusu mguu. Maneno yote yalikuwepo, yamepangika vizuri, kama yangekuwa ya kuandika. Alisikia tu akisema, "Sawa," na mstari ukakatika.

Alikwenda hadi duka la vifaa karibu na lango. Hakujua kwa nini. Mwenye duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikitoa chuma kwenye boksi, akakiweka juu ya kaunta. Kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiria, cha urefu wa kijiko cha kupikia, chenye matundu manane.

"Unachukua?"

"Mnaweza kutoa kwa mkopo? Nina cheti cha chuo. Nikiache hapa."

Mzee alivuta droo. Ndani mlikuwa na vitambulisho, hati ya kiwanja, na vyeti vitatu katika plastiki.

"Binti yangu," alisema, "hata hawa hawajarudi." Akakirudisha chuma kwenye boksi.

Jioni yote Docus alipiga simu: kwa mjomba, kwa mwenzake wa chuo, kwa Kiiza. Yeye asiyeweza kuongea aliongea hadi salio likaisha. Mjomba alisema amngojee mwisho wa mwezi. Mwenzake hakupokea. Kiiza alituma elfu sabini, zote alizokuwa nazo, na ujumbe: "Kuna askari hapa dukani anauliza timu yake imekwenda wapi. Nimwambie nini?"

Docus hakumjibu.

*

Jumanne saa tatu daktari wa mifupa aliingia wodini, mtu mfupi mwenye haraka, sista na wanafunzi wawili nyuma yake. Kitanda cha kwanza. Kitanda cha pili: gazeti likafunguliwa, chuma kikaonekana, daktari akatikisa kichwa kukubali. Kitanda cha tatu.

"Asanasio, paja la kushoto," sista alisoma. "Nilimwandika. Chuma kiko wapi, mama?"

Resty alimwangalia Docus. Docus aliangalia sakafu.

"Hakipo," alisema Resty. Alilisema kwa sauti ile ile iliyosikika jana vitanda sita, ila sasa ilikuwa imepasuka katikati.

Daktari aliupapasa mguu juu ya goti, akabonyeza. Asanasio aliuma midomo. "Umeanza kushika," daktari alisema kwa wanafunzi, si kwa mwenye mguu. "Mnaona?" Akasaini faili, akaenda kitanda cha nne.

Mke wa kitanda cha pili alijifanya anapanga vikombe. Kisha Asanasio akamwita binti yake kwa kidole, akamfanya akae ukingoni.

"Niambie."

Docus alimweleza, taratibu, kwa sauti ndogo. Jinsi walivyomwachia maneno ya siri. Jinsi mitandao ilivyofungwa. Jinsi alivyosema ndiyo, na jinsi Afande alivyomsifu. Hakujitetea. Asanasio alisikiliza macho yake yakiwa darini.

"Basi kosa lilikuwa kupalilia," alisema mwishoni.

"Na kusema uongo, Baba."

"Huo wa pili ni kosa, ndiyo." Alifikiri. "Waliporudi, timu zao walizikuta vipi? Kabla hazijafungwa."

"Zilikuwa zimeshinda."

"Walikuta magugu?"

"Hapana, Baba. Hapakuwa na magugu."

"Hata yule anayependa watano mbele?"

"Nilimwachia watano wake."

Asanasio alishusha pumzi. Mkono wake ulipapasa shuka, ukapata mkono wa Docus, ukaukandamiza mara moja kwa nguvu, kama mtu anayekandamiza udongo juu ya mbegu. Kisha akaugeuza uso wake ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti. Docus hakuwahi kumwona baba yake akilia. Resty alipanda kitandani upande wa pili, akavua leso ya kichwani, akamfunika uso.

Sista alirudi na kijana wa kusukuma vitanda.

"Tunawahamisha," alisema, akiepuka kuwaangalia. "Upande huu ni wa wanaosubiri kupasuliwa. Mtakwenda kule mwisho, dirishani."

Kijana alifungua breki za magurudumu. Kitanda kilipoanza kwenda, mfuko wa mawe ulianza kuyumba, na kwa kila kuyumba Asanasio aliguna chini ya leso. Docus aliinama, akaukumbatia mfuko kwa mikono miwili, ukatulia. Ukawa mzito kuliko ulivyoonekana. Akaenda nao hivyo hivyo, kinyumenyume, ameinama, akipita vitanda vya wenye vyuma, na simu mfukoni mwake ikitetemeka, ikinyamaza, ikitetemeka tena.